Mnyoo Akifa Ndipo Kifafa Huanza

Msomaji wa Mbamba Bay anauliza: familia yao ni Waislamu, kitimoto haijawahi kuingia jikoni, daktari ameonaje mnyoo wa nguruwe kwenye ubongo wa kijana wao mwenye kifafa?

Nyama haina kesi hapo. Anayekula nyama yenye vifuko vya lava wa mnyoo huyo ikiwa haijaiva hupata tegu, yaani mnyoo mkubwa, utumboni, basi. Mayai ya tegu huyo hutoka na kinyesi cha mlaji. Mwingine akiyameza, kwa mboga au kwa mkono wa mpishi, lava hutoboa utumbo, hupanda damu na kutua ubongoni. Nguruwe hupata vifuko kwa njia hiyohiyo. Katika utafiti uliochapishwa 2017 kutoka Wilaya ya Nyasa, ambako ndiko Mbamba Bay, nguruwe walilazwa, ndimi zikavutwa nje na kupapaswa kwa vidole: kama 6 kati ya 100 walikutwa na vifuko. Damu ilipopimwa, ikawa mmoja kati ya watatu.

Utamu wa habari uko hapa: kifuko kilicho hai, chenye milimita 5 hadi 10, hukaa ubongoni miaka na miaka bila mwenye kichwa kujua. Ni kama mzamiaji harusini. Amevaa sare ya ukoo, kwani kifuko hujivika kingamwili za mwenyeji wake. Mabaunsa amewalegeza kwa vinywaji; kifuko nacho humwaga protini zinazozima mashambulizi ya kinga. Anakula, anacheza, hata picha ya pamoja anapiga. Siku anapoanguka na kufa mezani, sare inamvuka, mabaunsa wanashtuka na kuvamia wote kwa mpigo, meza zinapinduka, waalikwa wanakanyagana. Vurugu hizo ndizo uvimbe unaochokoza seli za neva zilizo jirani. Zikifyatuka pamoja, mtu anaanguka kifafa.

Picha ya CT huonyesha hatua hizo. Kifuko hai ni duara jeusi lenye nukta nyeupe ndani, kichwa cha mnyoo. Kinachokufa huzungukwa na uvimbe. Kilichokufa zamani hubaki tone la chokaa, ambalo nalo huweza kuleta kifafa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mnyoo huyu huchangia takriban asilimia 30 ya kifafa pale ugonjwa ulipoenea. Hospitalini mgonjwa huanza na dawa za kifafa. Albendazole ya kuua vifuko, akistahili kupewa, huandamana na dawa ya kutuliza uvimbe, chini ya macho ya daktari. Nyumbani nako atafutwe mwenye tegu, atibiwe, na choo kitumike.

Jambo la mwisho kwa watu wa mwambao: praziquantel, dawa ya kichocho inayogawiwa kando ya Ziwa Nyasa, nayo huua vifuko vya ubongoni. Mwenye kifafa amwambie mhudumu kabla ya kuimeza.