Nani anawaongoza? Siri ya umati katika michezo ya kompyuta

Kijana anayecheza mchezo wa vita kwenye kompyuta huwaona askari maelfu wakimiminika bondeni, akadhani kuna mtu aliyemwelekeza kila mmoja wao pa kukanyaga. Hakuna. Wala ndani ya mashine hamna jemadari.

Mengi yanaanzia kwa Mmarekani Craig Reynolds. Mwaka 1986 alibuni ndege wa kompyuta, akawapa amri tatu tu: usimgonge jirani, elekea wanakoelekea majirani, usiachwe nyuma na wenzako. Hakuna aliyeambiwa kundi liwe na sura gani. Lilijiunda lenyewe, likagawanyika mbele ya nguzo na kuungana tena upande wa pili.

Wengi wetu tuliwaona nyumbu wa filamu ya The Lion King, mwaka 1994, wakiteremka korongoni. Nao waliandikiwa programu ili wasigongane. Lakini filamu ina nafasi. Kompyuta inaweza kukesha juu ya picha moja. Mchezo unaoonyesha picha 60 kwa sekunde huipa kila picha chini ya milisekunde 17, na katika muda huo lazima umati wote uwe umeshaamua.

Hapo ndipo penye kazi. Wakiwa 10,000, na kila mmoja akimkagua kila mwenzake, ni ukaguzi karibu milioni 100 kwa picha moja, yaani bilioni sita kwa sekunde. Dawa yake ni ya kibao cha bao: uwanja unagawanywa vishimo vishimo, na kila kiumbe anaangalia walio katika shimo lake na mashimo ya jirani, basi. Kisha mashimo hayo yanagawiwa prosesa nyingi zifanye kazi kwa pamoja, kama Reynolds alivyofanya akiwa Sony mwaka 2006 kwa mashine ya PlayStation 3.

Maumbile nayo hayako mbali na hayo. Watafiti waliowapiga picha ndege aina ya kwezi mjini Roma walieleza mwaka 2008 kwamba kila ndege hufuata majirani sita au saba tu. Yeyote aliyewahi kukimbia mabomu ya machozi, na mwandishi huyu ni mmoja wao, hatashangaa. Huoni maandamano wala mji. Unaona migongo michache iliyo mbele yako, unaifuata.

Ndiyo maana hesabu hizi si za watoto peke yao. Mwaka 2000 Dirk Helbing na wenzake walionyesha kwa kompyuta kwamba watu wakiharakia mlango mmoja hutoka polepole zaidi, na kwamba nguzo ikiwekwa mahali panapofaa mbele ya mlango inaweza kuwasaidia kutoka. Baada ya mahujaji zaidi ya 340 kufa Jamarat, Mina, mwaka 2006, Helbing alichambua picha za video za siku ile, na daraja likajengwa upya kwa ghorofa.

Mwaka 2015 msongamano ukaua tena, safari hii si darajani bali kwenye makutano ya barabara 204 na 223 zinazoelekea huko. Saudi Arabia ilitangaza vifo 769; hesabu zilizokusanywa kutoka nchi za mahujaji, Tanzania na Kenya zikiwamo, zilipita 2,000.