Kwa Nini Dirisha la Dawa Huchukua Muda

Mkazi wa Makongeni anayeamka alfajiri kuwahi Hospitali ya Thika Level 5 hudhani kwamba akishamwona daktari, safari imekwisha. Bado kuna dirisha la dawa. Ameshachoka, ana njaa, pengine amebeba mtoto mgonjwa, na hapo ndipo mtu hushawishika kwenda nyumbani mikono mitupu.

Mengi hufanyika nyuma ya dirisha hilo. Mfamasia husoma jina la dawa na kiasi chake, huangalia umri wa mgonjwa, na kwa mtoto hupiga hesabu kulingana na kilo zake. Huhakikisha pia kwamba dawa mbili hazipingani. Malipo nayo lazima yathibitishwe, yawe ya pesa taslimu au ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Mtandao ukikwama, foleni husimama hata kama dawa zimejaa rafuni. Mwandiko usiosomeka humrudisha mgonjwa kwa daktari.

Kuna muda mwingine ambao watu hawaulalamikii, ingawa wangefaa: ule wa kuelezwa. Shirika la Afya Duniani lilipotoa vipimo vya matumizi ya dawa mwaka 1993, lilijumuisha muda ambao mhudumu hutumia akimkabidhi mgonjwa dawa, na kama mgonjwa anajua jinsi ya kuzitumia. Aliyengoja saa mbili kisha akasukumiwa pakiti bila neno amepata hasara mara mbili. Atajuaje kwamba "mara tatu kwa siku" ni kila baada ya saa nane, au kwamba metformin ya kisukari humezwa pamoja na chakula? Kuuliza dirishani si kuchelewesha wengine.

Kabla ya kuketi, ni vyema kuuliza kama dawa zote zilizoandikwa zipo. Kulijua hilo mapema ni afadhali kuliko baada ya foleni nzima. Kitambulisho kiwe mkononi, pamoja na pakiti za dawa ambazo mgonjwa anatumia tayari.

Anayeona amecheleweshwa kupita kiasi, Thika, Ruiru au kwingineko, aandike saa aliyokabidhi karatasi yake na saa aliyoitwa, kisha apeleke malalamiko kwa usimamizi wa hospitali. Neno "tulikaa sana" ni rahisi kupuuzwa. Saa mbili zilizoandikwa zinahitaji kujibiwa.