Mikopo ya Simu na Daftari Asilolisoma Mdeni

Mwenye duka wa mtaani aliyemkopesha jirani yake unga na mafuta ya taa hakuhitaji hati wala rehani, madhali alimjua mtu huyo, kazi yake na siku yake ya mshahara. Ilhali jirani huyohuyo, akienda benki bila ya shamba lenye hati, aghalabu alirudi mikono mitupu. Katika nafasi iliyokuwa baina ya duka na benki ndimo ilimoota biashara ya mikopo ya simu, ambayo imeenea Kenya na Tanzania, na ambayo rasilimali yake, baada ya fedha yenyewe, ni data za wakopaji.

M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, watu waliidhania kuwa ni njia ya kupeleka fedha nyumbani tu. Kumbe kila muamala uliandikwa na kuhifadhiwa, na ilipofika Novemba 2012, Safaricom na Commercial Bank of Africa walipofungua huduma ya mikopo ya M-Shwari, maandishi hayo ndiyo yaliyokuwa shahidi wa kumwamini au kutomwamini mtu aliyeomba hata shilingi 100. Tanzania ikapata huduma kama hiyo, M-Pawa, mwaka 2014. Baadaye wakaja wakopeshaji wasio benki, kama vile Tala na Branch, ambao programu zao ziliomba ruhusa ya kusoma jumbe fupi na majina yaliyomo simuni, na mwenye haja, usiku akiwa na mgonjwa nyumbani, hakosi kukubali.

Manufaa yake hayakanushiki: mchuuzi wa samaki hupata mtaji kabla ya alfajiri bila ya kumbembeleza mdhamini. Lakini bei yake yataka kutazamwa. M-Shwari ilianza kwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, ambayo mkopo ukirudiwa mwezi hata mwezi ni asilimia 90 kwa mwaka. Wanauchumi hutufundisha kuwa mkopo wa mnyonge ni ghali kwa sababu mkopeshaji hamjui mkopaji. Sasa yuko mkopeshaji anayemjua mkopaji wake kuliko mkewe amjuavyo, na unafuu uliotazamiwa haukumfikia mdeni kwa kadiri ya ujuzi huo. Kwa rai yangu sababu ni moja: ujuzi umebaki mali ya aliyeukusanya, na mdeni mwaminifu hawezi kuuchukua akashindanishe bei kwingine.

Fauka ya hayo ikaja fedheha. Baadhi ya wakopeshaji waliwapigia simu wakwe, mabosi na marafiki wa mdeni, wakitumia majina yaleyale waliyoyakomba simuni mwake. Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya iliwazuia wakopeshaji wasiosimamiwa wasipeleke majina ya wadeni CRB, yaani mashirika yanayoweka kumbukumbu za mikopo ya watu, na kanuni za 2022 zikawalazimisha kukata leseni na kuwakataza kuwasumbua jamaa wa mdeni. Huko Tanzania, ambako mikopo ya namna hii watu wameibandika jina la kausha damu, Benki Kuu ilitangaza Novemba 2024 programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila ya idhini.

Leseni ni jambo jema, ila humwondoa mkopeshaji mwovu tu, haimfungulii mdeni daftari. Ufunguo umo katika Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, ambayo kifungu chake cha 35 kinampa mtu haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika jambo linalomgusa sana, na cha 38 haki ya kupewa data zake na kuzihamishia kwingine. Aliyekopa na kulipa kwa wakati, basi, na adai maandishi yake, ayapeleke kwa mkopeshaji wa pili, na amwulize atamkopesha kwa bei gani.