MCHUMBA YUKO NG'AMBO, VIZA IKO MLANGONI

Na Mwandishi Wetu

WAZEE wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nchi za Ulaya nazo zina neno lao, ila lao limeandikwa katika sheria: mgeni siku 90, na jembe asilishike kabisa. Vijana wengi wa mijini wenye wachumba ng'ambo huijua sheria hiyo siku wanaponyimwa viza, wakati ada imekwisha lipwa na nguo za safari zimekwisha pangwa sandukuni.

Binti mmoja mkazi wa Tabata, Dar es Salaam, ambaye ameomba nisimtaje jina, ni fundi cherehani mwenye fremu yake Kariakoo. Mwaka 2022 alifahamiana na fundi wa mitambo ya maji kutoka Ulaya, aliyekuwa nchini kwa kazi ya muda. Kazi ilipokwisha kijana akarudi kwao, na uchumba ukabaki katika simu. Mama wa binti akawa haishi kuuliza: "Mwanangu, huyo mkwe wangu anakaa nchi gani, au anakaa humo humo ndani ya simu?"

Mwanzoni mwa mwaka 2024 kijana aliandika barua ya mwaliko ili mchumba wake akawaone wazazi wake kwa majuma manne. Binti akajaza fomu, akakata bima, akalipa ada. Akaambatisha picha zao na kurasa nyingi za mazungumzo yao ya simu, ili ionekane wazi kwamba wanapendana. Jibu lililorudi lilikuwa karatasi yenye alama katika kisanduku kimoja: kuna mashaka juu ya nia yake ya kuondoka kabla muda wa viza haujakwisha.

"Nililia kwa aibu kuliko kwa huzuni," aliniambia. "Niliona nimeitwa mwongo mbele ya wakwe ambao hata hawajaniona."

KINACHOPIMWA NI MAREJEO

Ndugu msomaji, hapa ndipo lilipo fundo la jambo lenyewe. Ofisa wa viza hapimi mapenzi. Anapima marejeo. Swali lake kuu ni hili: mgeni huyu ana nini kwao kitakachomrudisha? Kwa hiyo picha za wachumba wakicheka ufukweni, zikiwa peke yake, zaweza hata kumtia shaka zaidi, maana zinamwonyesha sababu ya mtu kutaka kubaki.

Binti yetu alikuwa na kila kitu cha kumrudisha nyumbani, lakini hakukitaja. Alikuwa na leseni ya biashara, stakabadhi za kodi, mkataba wa pango la fremu, wanagenzi wawili, na oda za sare za shule ambazo kila Desemba na Januari humkesha usiku. Alikuwa pia na mama anayemtegemea. Yote hayo aliyaona ni mambo ya kawaida yasiyofaa kuandikwa. Kumbe ndiyo yaliyokuwa yakitafutwa.

Kwa mwajiriwa, shahidi kama huyo ni barua ya mwajiri inayotaja cheo, mshahara, tarehe za likizo na siku ya kurudi kazini. Kwa mwanafunzi, ni barua ya chuo. Kwa mzazi, ni watoto wanaomngoja.

YALIYOMO KATIKA SHERIA

Nchi 29 za Ulaya hutumia viza moja ya ziara fupi, iitwayo Schengen kwa jina la kijiji cha Luxembourg ulikotiwa sahihi mkataba wake wa awali, tarehe 14 Juni 1985. Viza hiyo humruhusu mgeni kukaa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Tangu tarehe 11 Juni 2024 ada yake ni yuro 90 kwa mtu mzima, na hairudishwi ombi likikataliwa. Bima ya matibabu sharti iwe ya yuro 30,000 au zaidi. Pasi iwe imetolewa katika miaka 10 iliyopita, na iwe hai kwa miezi 3 zaidi baada ya siku ya kuondoka huko. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na aghalabu lisipungue siku 15. Jibu kwa kawaida hutoka katika siku 15, lakini laweza kuchukua hadi siku 45. Asiyetaka presha asikate shauri la tarehe ya safari kwa pupa.

Mwenyeji naye ana mzigo wake. Nchini Ujerumani, mathalani, mwenyeji aweza kwenda katika ofisi ya wageni ya mji wake, akaonyesha kipato chake na kutia sahihi hati ya dhamana. Ada ya hati hiyo ni yuro 29. Kwa sahihi hiyo anakubali kulipa gharama za mgeni wake, pamoja na za matibabu na hata za kumrudisha kwao ikibidi. Mchumba anayeahidi mengi kwenye simu hupimwa hapo.

NJIA ZA MKATO

Baada ya kunyimwa, washauri walimjia binti wetu kwa wingi. Mmoja alimwambia aombe upya, aandike kwamba anakwenda kutalii, wala asimtaje mchumba. Mwingine alijitolea kumkopesha fedha azijaze benki kwa juma moja, kisha azirudishe.

Alikataa, na alifanya vema. Fedha iliyoingia benki ghafla hujulikana kwa kutazama taarifa ya miezi iliyotangulia. Habari za ombi na alama za vidole hutunzwa kwa miaka 5 katika mtambo unaosomwa na nchi zote hizo. Aliyejiita mchumba jana hawezi kujiita mtalii leo asiulizwe. Hali kadhalika, tangu tarehe 12 Oktoba 2025 nchi hizo zimeanza kuandikisha kuingia na kutoka kwa wageni kwa mtambo, na anayepitisha siku zake hujulikana kwa urahisi zaidi kuliko enzi za mihuri.

Wala viza ya ziara si njia ya kwenda kuolewa na kubaki. Anayetaka kuishi na mwenzi wake ana viza yake nyingine. Ujerumani, kwa mfano, tangu mwaka 2007 kwa kawaida humtaka mwenzi anayehamia kuwa na Kijerumani cha mwanzo.

KUNYIMWA SI KUFUNGIWA

Wengi hawajui kwamba sheria ya viza hiyo inalazimisha sababu ya kukataa itajwe kwa maandishi, na inampa mwombaji haki ya kukata rufani. Tena inasema wazi kuwa kukataliwa mara moja hakulifanyi ombi jipya likataliwe moja kwa moja. La busara ni kuisoma ile karatasi kwa utulivu na kujibu hoja iliyotajwa.

Wachumba hawa walifanya jambo jingine la maana. Kijana alikuja yeye kwanza. Kwa raia wa nchi nyingi za Ulaya, viza ya kawaida ya Tanzania ni dola 50 za Marekani, nayo huruhusu kukaa hadi siku 90. Agosti 2024 alifika Tabata, akakaa mkekani mbele ya wazee, akajieleza kwa Kiswahili chake cha kusuasua. Mama alinong'ona jikoni: "Basi kumbe ana miguu."

Mwaka 2025 binti aliomba tena. Safari hii alitaja uchumba wake bila kuficha, akaeleza ziara ya kijana, kisha akaweka leseni, stakabadhi, mkataba wa pango na barua ya shule iliyoagiza sare. Akapewa siku 30. Alisafiri Oktoba, nakala za hati zake zikiwa katika mkoba wa mkononi, maana hata mwenye viza aweza kuulizwa mpakani anakwenda kwa nani na atarudi lini. Akarudi siku ya 27.

Nilipomtembelea Kariakoo nilimkuta amezungukwa na marobota ya kitambaa. Nilimwuliza wakwe walimpokeaje. Alisimamisha cherehani kidogo, akacheka.

"Mama mkwe alilia uwanjani niliponda kuaga," alisema. "Nikamwambia, mama, nikibaki leo sitarudi tena kukuona. Nikiondoka leo, mlango unabaki wazi."

Kisha akainama, akaendelea na kola ya shati la mwanafunzi.