Ukurasa wa Mwisho wa Daftari la Rambirambi

Ukifika msibani kwetu Nyasura, kabla hujapata kiti utaliona daftari. Limelazwa juu ya meza ndogo chini ya mwembe, kalamu imefungwa uzi isipotee. Mweka hazina anaandika jina, kisha kiasi: elfu mbili, elfu tano, debe la mahindi. Hakuna anayeona haya kutoa kidogo. Fedha hiyo hununua sanduku, hulipia gari, hulisha waombolezaji. Salio husomwa hadharani siku ya kumaliza matanga, na mara nyingi huishia kwenye saruji na vigae vya kaburi.

Siwalaumu wanaojengea makaburi, nami nimechangia. Kinachoniuma ni kwamba elfu mbili hizo hizo zilitafutwa mgonjwa akiwa wodini, zikakosekana. Kuzika tunachangia haraka kuliko kutibu.

Mkoa wetu una kumbukumbu ya namna nyingine. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alifariki London kwa saratani ya damu tarehe 14 Oktoba 1999. Leo jina lake limebebwa na hospitali ya rufaa ya Kwangwa, Musoma, ambayo ujenzi wake ulianza miaka ya 1970 ukakwama kwa miongo. Watu walizaliwa wakaota mvi wakiyatazama maboma yale. Sasa wagonjwa wanalazwa humo, na anayeitaja hospitali kwa jina lake kamili anamtaja Mwalimu.

Ukoo wa kawaida haumjengei marehemu wake hospitali. Lakini damu kila ukoo unayo. Huku Kanda ya Ziwa watoto wenye selimundu ni wengi, malaria inawakausha damu wadogo, na wapo kina mama wanaovuja damu wakijifungua. Chupa moja ikitenganishwa yaweza kuwafaa wagonjwa hata watatu. Ila damu haiwekwi akiba kama mahindi ghalani: ikishapita wiki tano hivi jokofuni, haifai tena. Ndiyo maana wachangiaji wanahitajika mwaka mzima, mwanamume mwenye afya kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne.

Mwenye fedha naye ana mlango wake. Aende kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali iliyo karibu, aulize ni mgonjwa gani ameshindwa bili, alipe dirishani na kudai stakabadhi. Majirani zetu Waislamu humtolea marehemu sadaka ya jaria, kisima au msikiti, ili thawabu ziendelee kumfikia. Kitanda kinachotolewa kwa jina lake katika wodi ya wazazi kina tofauti gani na kisima?

Basi siku ya arobaini, kabla daftari halijafungwa, mweka hazina afungue ukurasa wa mwisho. Juu aandike jina la marehemu. Chini yake abandike ile stakabadhi, kisha aandike majina ya wanaukoo waliotoa damu, na mbele ya kila jina, mahali panapokaa kiasi, aweke tarehe ya kurudi tena.