Bahari ya Lamu ni tamu, lakini haina mzaha

Wahenga walisema kuwa maji usiyoyafika hujui wingi wake. Methali hii, msomaji mpendwa, mtu wa bara huikumbuka akiwa tayari amesimama ndani ya maji ya kifua, mkononi hana kitu cha kushika.

Umeweka akiba mwaka mzima. Shule zimefungwa, na hatimaye mmekata shauri kuwa likizo hii hamwendi mashambani kwa nyanya, mnakwenda kisiwani Lamu. Vyema. Ni mji wa kale ambao UNESCO iliutia katika orodha ya turathi za dunia mwaka wa 2001, mji ambao punda ndiye gari na vichochoro ndivyo barabara. Lakini kabla hujafunga mkoba, keti na familia yako mzungumze kidogo kuhusu yale maji yanayowangoja.

Mimi nilifunzwa haya kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilimpeleka Lamu mpwa wangu, kijana wa kidato cha tatu aliyekuwa akiwashinda wenzake wote katika bwawa la kuogelea jijini Nairobi. Tulipofika Shela alivua shati akajitosa. Baada ya dakika chache tuliona kichwa chake kikienda mbali ilhali yeye mwenyewe hapigi mbizi wala kasia. Alipogeuka kurudi, alipiga maji kwa nguvu zake zote na akabaki palepale. Aliyemtoa ni mvuvi mmoja mzee aliyekuwa akipita na dau lake. Alipomfikisha ufuoni hakutukaripia. Aliuliza jambo moja tu: "Mbona hamkuuliza maji?"

Uliza maji kwanza

Kuuliza maji ni nini? Kila siku bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kati ya kujaa na kupwa kuna takriban saa sita. Nyakati hizo husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50 kila siku. Kwa hivyo saa uliyoogelea kwa raha Jumatatu huenda ikawa saa ya hatari Ijumaa. Tena mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huwa ni bamvua: maji hujaa sana, hupwa sana, na mikondo hupata nguvu. Kati ya vipindi hivyo huja maji mafu, ambapo bahari hupungua ukali.

Shela iko kwenye mlango wa mkono wa bahari unaotenganisha kisiwa cha Lamu na kile cha Manda. Maji yanayoingia na kutoka hupita hapo kwa kasi. Ukiendelea mbele, ufuo mweupe unanyooka kwa kilomita zipatazo 12 ukiitazama bahari kuu, na hakuna mwamba wa karibu wa kuvunja mawimbi kama ulioko Diani au Bamburi. Sehemu kubwa ya ufuo huo haina watu. Ukizama huko, hakuna wa kukusikia.

Basi ogeleeni karibu na kijiji, mahali wenyeji wanapoogelea, na baada ya kumuuliza nahodha au mvuvi. Mtoto mdogo asikae mbali kuliko urefu wa mkono wako, hata kama maji yanamfika magotini tu. Maboya ya kupuliza mliyonunua mjini ni vitu vya kuchezea; upepo huyasukuma nje pamoja na mtoto aliyeyapanda.

Mkondo ukikubeba, usishindane nao. Elea, inua mkono, ita watu. Ukiwa na nguvu, ogelea kando, sambamba na ufuo, mpaka uhisi umekuachilia, ndipo urudi nchi kavu. Nanyi mlio ufuoni msijitose nyote kumfuata. Mrushieni kitu kinachoelea, hata jerikeni tupu iliyofungwa kifuniko, na mkimbilie wenye vyombo.

Kusi, kaskazi na chombo

Likizo ya Agosti huangukia majira ya kusi, wakati bahari huchafuka. Likizo ya Desemba huja na kaskazi, na kwa kawaida mawimbi huwa mapole zaidi. Nahodha akikuambia leo hatoki, usimwongezee pesa ili abadilishe nia. Yeye anaijua bahari. Wewe unajua pesa zako tu.

Chombo huwezi kukikwepa. Ukienda kwa ndege utashukia Manda. Ukienda kwa basi utashukia Mokowe. Kote huko lazima uvuke maji. Kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha, la mtoto liwe kimo chake, na lifungwe kabla chombo hakijang'oa. Jaketi lililokaliwa kama mto halimwokoi mtu. Ukiona abiria wamejazana, shuka. Afadhali ungoje chombo kinachofuata kuliko nyumbani wakungoje bila mwisho.

Jua, miiba na mbu

Lamu iko takriban nyuzi mbili tu kusini mwa ikweta. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, watoto wawe kivulini au wavae kofia na shati la mikono mirefu. Wapo wanaodhani kuwa ngozi nyeusi haidhuriki. Jua humkausha mtu maji mwilini bila kuuliza rangi yake, kwa hivyo kunyweni maji mara kwa mara hata kabla ya kuona kiu.

Mkiingia majini vaeni viatu vya mpira, na mburute miguu polepole mchangani ili samaki aina ya taa asikie mkija aondoke. Akimchoma mtu, tumbukiza mguu katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia, kisha mpelekeni hospitali.

Tena msisahau mbu. Mwaka wa 2004 ugonjwa wa chikungunya uliwaangusha watu wengi sana mjini Lamu, na mbu anayeueneza huuma mchana. Yule wa malaria huuma usiku. Pakeni dawa ya kufukuza mbu mchana, laleni ndani ya chandarua usiku. Na mkirudi Nairobi, mtu akipata homa hata baada ya wiki tatu, msiseme ni mafua. Apimwe malaria, na daktari aelezwe mlikotoka.

Mpwa wangu sasa ana watoto wake, na bado huenda nao Lamu. Wakifika Shela, watoto hao hawaruhusiwi hata kuvua viatu kabla baba yao hajamwendea mzee yeyote aliye karibu na chombo na kumwamkia: "Shikamoo, mzee. Maji yakoje leo?" Wakati mwingine hujibiwa kuwa maji si mazuri. Basi wao hujenga nyumba za mchanga, hula samaki, na kungoja kesho.

Nawe fanya vivyo hivyo. Likizo njema.