Kuhodhi, Kulimbikiza na Kurundika: Msamiati wa Kiingereza wa Afya ya Akili kwa Mwanafunzi wa Bendera

1.0 Utangulizi

Bendera ni mahali palipo katika eneo la Kalemie, jimbo la Tanganyika, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kijana wa huko huzungumza Kiswahili sokoni, husoma kwa Kifaransa, na hukutana na Kiingereza mwishoni, pengine anapotafuta kazi katika mashirika ya misaada. Mwezi Juni 1965 wapiganaji Wakuba waliokuwa chini ya Che Guevara walishambulia ngome ya Bendera, penye kituo cha umeme wa maji. Wakuba hao walijipa majina ya tarakimu za Kiswahili: Moja, Mbili, na Guevara mwenyewe Tatu. Lakini kuitwa Tatu si kujua Kiswahili, na Guevara alilazimika kuanza kujifunza lugha hiyo huko huko msituni. Hadi leo anayejifunza lugha ya kigeni kwa orodha ya maneno hukwama vivyo hivyo.

Makala haya yanachunguza sehemu moja ndogo ya msamiati huo: maneno ya Kiingereza yanayohusu ugonjwa wa kushindwa kuachana na vitu, na maneno ya afya ya akili yanayoambatana nayo. Hoja yetu ni kwamba kosa la tafsiri katika uwanja huu humgusa mtu hai. Laweza kumfanya mgonjwa aonekane mhalifu, au kumfanya maskini aonekane mgonjwa.

2.0 Neno moja la Kiingereza, vitenzi vitatu vya Kiswahili

Neno la Kiingereza ni "hoard". Katika Kiingereza cha kale lilimaanisha hazina iliyofichwa. Baadaye likachukua maana ya kuficha bidhaa wakati wa uhaba, na katika miongo ya karibuni likawa pia jina la ugonjwa. Kiswahili hakina neno moja lenye maana zote hizo.

Kitenzi cha kwanza ni kuhodhi. Huyu ni mtu anayeshika mali kwa nguvu ili wengine wasiipate, na uhodhi ni dhana ya uchumi. Neno hili lina harufu ya lawama. Mwaka 1983, bidhaa zilipoadimika nchini Tanzania, serikali iliendesha msako dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, na kuwa na shehena ya sukari au vitambaa nyumbani kukawa ushahidi wa hatia. Kumwita mgonjwa mhodhi ni kumpeleka mahakamani badala ya hospitalini.

Kitenzi cha pili ni kulimbikiza, yaani kuongeza kidogo kidogo hadi kiwe kingi. Hakina lawama ndani yake: mtu hulimbikiza mali au elimu, na mfanyakazi hudai malimbikizo ya mshahara. Kitenzi cha tatu ni kurundika, yaani kuweka vitu juu ya vitu bila mpango. Cha pili kinaeleza mwendo wa jambo, cha tatu kinaeleza matokeo yake.

Kwa hiyo tunapendekeza ugonjwa wenyewe uitwe ugonjwa wa kulimbikiza vitu, na hali ya chumba kilichojaa, ambayo Kiingereza huiita "clutter", iitwe mrundikano. Neno kuhodhi libaki kwa wafanyabiashara.

3.0 Maneno yanayobeba vigezo

Ugonjwa huu ulitengwa na kupewa jina lake katika mwongozo wa tano wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili wa Marekani, uliotoka mwaka 2013. Kabla ya hapo ulihesabiwa kuwa tawi la maradhi ya mawazo na vitendo vya kujirudiarudia. Shirika la Afya Duniani nalo liliupa nafasi yake katika orodha ya kumi na moja ya magonjwa, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022.

Mwanafunzi akishika maneno manne ya Kiingereza atakuwa ameshika vigezo vyenyewe. La kwanza ni "discard", kutupa au kuachana na kitu: mgonjwa hushindwa kufanya hivyo, hata kama kitu hakina thamani. La pili ni "distress", yaani dhiki ya moyo inayompata anapoambiwa atupe. La tatu ni "impairment": maisha yameathirika, jiko halipikiki na kitanda hakilaliki. La nne ni "insight", ambalo hapa si busara bali ni mtu kuitambua hali yake mwenyewe. Wagonjwa wengi hawaitambui. Anayekusanya stempu au sarafu na kuzipanga kwa furaha hahesabiwi mgonjwa.

4.0 Mitego ya Kifaransa na ya Kiswahili

Mwanafunzi wa Kongo hupitia Kifaransa kwenda Kiingereza, na njiani kuna mitego. Mgonjwa anayeitwa "sensible" kwa Kifaransa ni mwepesi wa kuumia moyo; kwa Kiingereza neno lenye tahajia hiyo hiyo humaanisha mwenye busara. Kifaransa "déception" ni kuvunjika moyo, lakini Kiingereza "deception" ni udanganyifu. Ripoti moja yenye makosa haya mawili humgeuza mjane mwenye huzuni kuwa tapeli mwerevu.

Kiswahili nacho kina mitego yake. Neno wasiwasi hubeba hofu, shaka na mashaka juu ya mtu mwingine, na Kiingereza hutenga kila moja kwa neno lake. Vilevile akili, katika matumizi ya kawaida, ni werevu. Kwa hiyo baadhi ya wasikiaji hudhani kwamba mwenye tatizo la afya ya akili ni mpumbavu, hali mtu anayelimbikiza vitu aweza kuwa msomi hodari. Maneno kichaa na wazimu hayafai kabisa katika maelezo ya kitaalamu, kwa kuwa hutukana kabla ya kueleza.

5.0 Akiba au ugonjwa?

Suala gumu zaidi ni la mahali penyewe. Eneo la Kalemie limepokea mawimbi ya wakimbizi wa ndani, hasa wakati wa mapigano kati ya Watwa na Waluba yaliyopamba moto miaka ya 2016 na 2017. Tuchukue mfano wa kubuni: mama aliyechomewa nyumba anaweka kila kopo, kila gunia na kila kipande cha turubai. Mfanyakazi kijana anaandika kwa Kiingereza kwamba mama huyo ni "hoarder". Je, amesema kweli?

Jibu haliko katika wingi wa makopo. Wahenga walisema akiba haiozi, na aliyepoteza vyote ana sababu ya kuweka. Kopo lile litachotea maji kesho, na turubai litaziba paa. Ikiwa mama huyo anaweza kumpa jirani kopo bila dhiki, na ikiwa mahali pake pa kulala na pa kupikia pangali pakitumika, hiyo ni akiba. Lakini ikiwa amani imerudi, vitu vimeziba mlango, na kila kinachotolewa humliza, basi huenda anahitaji tabibu, wala si mahubiri juu ya usafi.

6.0 Hitimisho

Walimu wa Kiingereza katika sehemu kama Bendera wangefundisha maneno haya kwa kuanza na maelezo na kumalizia na jina. Mwanafunzi aeleze kwanza alichokiona: chumba kilivyo, mtu anavyosema, anachoshindwa kufanya. Jina la ugonjwa aliachie daktari. Nasi wa taaluma ya Kiswahili tuna deni la kusanifu istilahi zisizohukumu, kwani mgonjwa wa Kalemie atasimulia maradhi yake kwa Kiswahili kabla hayajaandikwa kwa lugha nyingine yoyote.